Mshahara wa Mfanyakazi Usiwe Rehani

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya habari za Marekani: kwa nini serikali ya nchi tajiri namna ile hufikia siku ikafunga ofisi zake, na kwa nini kila mara twasikia kelele juu ya mpaka wa deni lake. Wengine watauliza, yatuhusu nini sisi watu wa reli? Yatuhusu, maana katika ugomvi ule kitu kinachowekwa rehani ni mshahara wa mfanyakazi. Na mshahara ni mshahara, uwe wa dola au wa shilingi.

Kwanza tufahamu kwamba mambo haya ni mawili, wala si moja. Kufunga serikali ni jambo moja. Mpaka wa deni ni jambo la pili. Watu wengi huyachanganya.

Tuanze na kufunga serikali. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba. Kabla ya siku hiyo bunge lao, liitwalo Kongresi, lapaswa kupitisha sheria 12 za matumizi, au angalau sheria ya muda. Baraza la Wawakilishi lenye watu 435 likubali, Seneti yenye watu 100 ikubali, na Rais atie sahihi. Tena katika Seneti mara nyingi hutakiwa kura 60 ili mjadala ufungwe, wala 51 hazitoshi. Sisi twaijua kazi ya njia moja. Dreva haondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele imekubali kumpokea. Mmoja akikataa, treni husimama, hata kama mabehewa yamejaa abiria wenye tikiti mkononi.

Ipo sheria ya huko, tangu karne ya 19, inayokataza ofisi ya serikali kutumia pesa ambazo bunge halikutoa. Kwa miaka mingi ofisi ziliendelea na kazi wakati wakubwa wakibishana. Lakini mwaka 1980 na 1981 Mwanasheria Mkuu wao, Benjamin Civiletti, alisema sheria ifuatwe kama ilivyo: pesa hazipo, kazi isimame, ila kazi za kulinda maisha ya watu na mali. Tangu hapo kufunga kumekuwa silaha. Mwishoni mwa 1995 na mwanzo wa 1996 serikali ilifungwa siku 21, Rais Clinton akivutana na bunge. Mwaka 2013 siku 16, kwa ugomvi wa sheria ya matibabu. Kuanzia Desemba 2018 mpaka Januari 2019 siku 35, kwa sababu Rais Trump alitaka pesa za kujenga ukuta mpakani mwa Meksiko. Na mwaka 2025, kuanzia tarehe 1 Oktoba hata 12 Novemba, siku 43, kwa ugomvi wa msaada wa bima ya matibabu. Hii ya 43 ilipita zote zilizotangulia.

Sasa tuangalie hali ya mfanyakazi. Siku ya kufunga, wafanyakazi hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza huambiwa, nendeni nyumbani, hakuna mshahara. Fungu la pili huambiwa, ninyi kazi yenu ni ya lazima, njooni kazini, lakini hakuna mshahara. Katika ile ya siku 35, watu kama 800,000 walikuwa katika mafungu hayo mawili, na zaidi ya nusu yao walifanya kazi bila kulipwa. Wakati huo huo wabunge wenyewe waliendelea kupokea mshahara wao, kwa kuwa umewekwa na sheria nyingine.

Ndugu, fikirini juu ya fungu la pili. Mtu anaongoza ndege angani usiku, maisha ya mamia yamo mikononi mwake, na nyumbani mwenye nyumba anagonga mlango. Kwa nini asigome? Kwa sababu sheria ya Marekani hairuhusu mfanyakazi wa serikali kuu kugoma. Mwezi Agosti 1981 waongoza ndege waligoma, na Rais Reagan akafukuza zaidi ya 11,000 kati yao. Chama chao kikavunjwa. Kwa hiyo mtu huyu amefungwa mikono yote miwili: hawezi kugoma, na hawezi kudai mshahara wake kwa siku iliyoandikwa.

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyokwisha tarehe 25 Januari 2019. Waongoza ndege wachache walikosa kufika kazini, wengine wakiwa wagonjwa. Uwanja wa LaGuardia huko New York ukasimamisha ndege kwa muda, na viwanja vingine vikachelewa. Siku hiyo hiyo wakubwa wakapatana. Siku 34 za maneno hazikumaliza jambo, ila mikono michache ilipokosekana, wakaona. Mwaka 2025 nako serikali ililazimika kupunguza safari za ndege katika viwanja 40, maana watu hawakutosha.

Yako mambo mawili zaidi ya kukumbuka. La kwanza, Januari 2019 walipata sheria inayosema kwamba mfanyakazi wa serikali atalipwa malimbikizo yake baada ya kufungua. Hata hivyo mwaka 2025 wakubwa walianza kusema huenda sheria hiyo haiwahusu wote, mpaka makubaliano ya Novemba yakathibitisha kwamba watalipwa. La pili, wafagiaji, wapishi na walinzi walioajiriwa na makontrakta hawamo katika sheria hiyo. Siku zao zilipotea kabisa. Wenye mshahara mdogo kuliko wote ndio walioumia bila fidia. Nasi hapa twawaona wenzetu wa kandarasi kila siku relini.

Sasa mpaka wa deni. Mwaka 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, bunge la Marekani liliweka kiasi ambacho serikali yaweza kukopa. Mwaka 1939 likaweka mpaka mmoja kwa karibu deni lote, dola bilioni 45. Tangu mwaka 1960 mpaka huo umebadilishwa zaidi ya mara 70. Julai 2025 ulipandishwa kwa dola trilioni 5, ukafika trilioni 41.1.

Watu hudhani mpaka huu huzuia matumizi. Sivyo. Bunge lenyewe huamuru matumizi, na lenyewe hukata kodi isitoshe. Mpaka hushika pale pa kulipa tu. Ni kama mtu aliyechukua unga, sukari na mafuta dukani kwa mkopo mwezi mzima, watoto wamekwisha kula. Mwisho wa mwezi, baba na mama wanaketi kupigia kura kama duka lilipwe. Huko si kubana matumizi. Matumizi yalibanwa au hayakubanwa siku ya kuchukua unga. Dawa ya deni ni kulipa.

Agosti 2011 walivutana mpaka karibu na siku ya mwisho. Sheria ikatiwa sahihi tarehe 2, lakini tarehe 5 kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la uaminifu. Mwaka 2023 walivutana tena, sheria ikatiwa sahihi tarehe 3 Juni, na Agosti Fitch nao wakaishusha. Mei 2025 wakafuata Moody's. Hatukuja hapa kusema chama hiki cha Marekani kibaya na kile kizuri. Kila kimoja kimewahi kuzuia kura zake ili kipate kitu kingine.

Na kwetu Kenya je? Katiba yetu ya 2010 imeweka mlango wa dharura. Sheria ya matumizi ikichelewa, Bunge laweza kuruhusu sehemu ya pesa itoke, isiyozidi nusu ya makadirio. Ni jambo jema. Lakini mwaka 2020 Seneti ilikwama miezi juu ya namna ya kugawa pesa za kaunti, ikapatana Septemba, na wafanyakazi wa kaunti wakangoja mishahara. Mpaka wa deni nasi tunao. Mwaka 2022 uliwekwa shilingi trilioni 10, na mwaka 2023 ukabadilishwa kuwa asilimia 55 ya pato la nchi. Katika deni hilo imo reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, iliyojengwa hasa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Na sehemu ya mikopo ya nchi yetu ni ya dola. Riba ya dola ikipanda, nasi twalipa zaidi, na kodi ya mshahara wetu ndiyo hutafutwa kwanza. Juni 2024 tuliona damu ikimwagika barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha, mpaka Rais akakataa kuutia sahihi.

Basi twasema hivi mbele ya mkutano huu. Kwanza, kila mapatano yetu na waajiri yataje siku ya kulipa mshahara, na fidia ikipita. Pili, wenzetu wa kandarasi waingizwe chamani, ili wasiachwe nje siku ya malimbikizo. Tatu, haki ya kugoma iliyo katika Katiba yetu tuilinde, kwa kuwa tumeona hali ya mtu asiyekuwa nayo. Nne, tawi liimarishe akiba yake ya dharura, hata kama ni shilingi chache kwa kila mtu kila mwezi, kwani njaa haingoji wakubwa wapatane.

Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Lakini sisi si nyasi, ndugu. Sisi ndio tunaoendesha treni. Kitabu cha akiba kiko mezani kwa Mweka Hazina. Mwenye kutaka kuandikisha jina asogee mbele baada ya maswali.