Bibi Yetu na Sanduku
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi



Risala ya Katibu imekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na mgawo, hatutairudia. Sisi tumepewa nafasi ya kumkumbuka Bibi yetu, aliyetutoka mwaka 2022. Na tunalo neno moja zito la kusema juu yake, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho.

Bibi hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yake alimwambia kuwa alizaliwa mwaka wa nzige, na nzige walivamia nchi hii mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa hiyo alituacha akiwa na miaka tisini au zaidi kidogo. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho, na kila mmoja wetu alimjua kwa jina na kwa deni.

Alipenda sana kutusimulia habari za mbiru. Vijana wengi siku hizi hawazijui. Ilikuwa ni kodi ya wakati wa mkoloni, ambayo kila mwanaume alipangiwa kiasi chake kwa kukadiriwa mali aliyo nayo. Mwaka 1945 wanaume wa Upare walikusanyika Same kuigomea, wakakaa huko. Baadaye wanawake nao wakashuka milima kwa miguu kuwafuata. Mama yake Bibi alijifunga kibwebwe akaenda na wenzake, na Bibi, wakati huo msichana tu, akaachiwa wadogo zake watatu na chungu cha makande. Mwishowe kodi ile ilifutwa. Bibi alikuwa akisema, "Wale mama zetu hawakujua kusoma, lakini walijua kuwa mmoja akienda peke yake atafukuzwa, wakienda wote watasikilizwa."

Maisha yake yalikuwa ya kazi. Alizaa watoto tisa, akazika watatu wakiwa wachanga. Kahawa ilikuwa ya mzee, yeye mali yake ilikuwa ndizi na maharage. Bei ya kahawa ilipoanguka mwaka 1989, ndizi hizo ndizo zilizolipa ada za shule. Tena katika miaka ya 1990 ukimwi ukamchukulia watoto wawili wakubwa. Wakati ule watu walikuwa wakinong'ona tu, wanasema "ugonjwa huu" au "kalogwa". Bibi hakunong'ona. Aliutaja kwa jina lake msibani, mbele ya watu, akawaambia vijana wajichunge. Kisha akawachukua wajukuu watano, akaanza kulea upya uzeeni.

Mwaka 2014 tulipokaa kwa mara ya kwanza, tulikuwa wanawake 17 tu barazani kwake. Wengi wetu tuliogopa. Tulishacheza upatu tukadhulumiana. Bibi akatuuliza, "Ndiva mnaijua?" Tukacheka, nani Mpare asiyeijua ndiva? Akasema, "Usiku mnaziba, maji yanajaa kidogo kidogo. Asubuhi mnafungua, kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Anayefungua usiku kwa siri ndiye anayewanyima wote. Basi na fedha ni hivyo hivyo." Tulielewa siku ile ile. Tukanunua sanduku la mbao, kufuli moja, na tukaliweka uvunguni mwa kitanda chake, maana hapakuwa na nyumba tuliyoiamini kuliko ile.

Sasa jamani, tufike kwenye lile neno.

Mwaka 2017, siku ya kuhesabu, fedha za sandukuni zilipungua shilingi 180,000 kuliko zile za kwenye daftari. Tulihesabu mara tatu. Kila mtu akanyamaza, halafu macho yote yakaenda kwa Bibi. Hakuna aliyesema "mwizi", lakini maneno yalisemwa. Ikasemwa kuwa nyumba ina wajukuu wengi. Ikasemwa kuwa ufunguo unakaa kwenye upindo wa khanga yake. Maneno hayo yalitoka kwetu sisi viongozi.

Bibi hakujua kuandika, lakini alikuwa na hesabu yake. Kwake kila elfu kumi iliyoingia sandukuni ilikuwa punje moja ya mahindi ndani ya kibuyu. Siku ile aliingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na punje 18. Akasema, "Hizi nilizitoa usiku ule wa mvua, mlipokuja kuchukua fedha za mgonjwa." Tukamjibu kwa haraka kuwa fedha za mgonjwa zimo kwenye daftari. Wengine wakacheka, eti mahindi yashindane na kalamu. Tukalibeba sanduku tukaondoka nalo.

Kwa muda wa miezi minne Bibi aliendelea kuja kila Alhamisi na hisa yake, analipa, anaketi mahali pake pale pale. Pembeni yake palikuwa wazi. Hilo tuliliona na tukaliacha hivyo hivyo.

Kisha siku moja, katika kubadilisha jalada la daftari lililochanika, kikaanguka kipande cha karatasi. Shilingi 180,000, za kumpeleka mgonjwa hospitali, na sahihi zetu wenyewe chini yake. Zile zilizokuwa zimeandikwa kwenye daftari zilikuwa mkopo mwingine wa nyuma wa mwenzetu yule yule. Hizi za usiku hatukuziandika kamwe. Punje za Bibi zilikuwa sahihi, kalamu yetu ndiyo iliyokosea.

Tulikwenda kwake jioni, na khanga moja na kilo mbili za sukari. Tukaomba radhi. Alitusikiliza, akatupikia chai kwa sukari ile ile tuliyomletea. Akasema, "Sanduku lirudisheni, lakini lisiwe na kufuli moja. Mtu akiwa na ufunguo peke yake, hata akiwa mwema atasingiziwa." Ndugu wageni, yale makufuli matatu mnayoyaona pale mezani, kila ufunguo kwa mtu wake, yalianza jioni ile. Wengi hudhani tulifundishwa kwenye semina. Tulifundishwa na Bibi.

Lakini kosa letu halikuishia hapo. Tulimtuhumu barazani mbele ya wanachama wote, tukamwomba radhi chumbani, watu watatu. Na daftari la mihtasari la mwaka 2017 mpaka wiki iliyopita lilikuwa limeandikwa, "Upotevu wa fedha, nyumbani kwa Bibi." Hatukulifuta. Yeye hakutukumbusha hata mara moja, na sisi tuliona haya, siku zikapita, mpaka tukamzika.

Kwa hiyo leo, mbele ya Mgeni Rasmi, mbele ya wanawe na wajukuu wake, sisi viongozi wa kikundi hiki tunasema wazi: fedha hazikupotea nyumbani kwa Bibi. Hazikupotea kabisa. Uzembe ulikuwa wetu. Daftari limesahihishwa Alhamisi iliyopita kwa kura ya wanachama wote, na hotuba hii inachapwa katika kitabu hiki ili hata watakaokuja baada yetu wasome ukweli. Ninyi watoto wake, tunaomba mtusamehe.

Mjukuu wake mmoja kati ya wale watano leo ndiye Mweka Hazina wetu, na kile kitambaa chenye punje 18 tumeomba kwake kikae ndani ya sanduku. Kila siku ya kuhesabu tutakitoa kwanza kabla ya kufungua daftari, ili kabla ya kumshuku mwenzetu tuikague kwanza kalamu yetu.

Wanachama wapya, Bibi hakutuachia shamba wala nyumba. Alituachia uvumilivu na hesabu safi. Alipofariki hakuwa anadaiwa hata senti na kikundi.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amin.