Fomu Niliyoificha Kwenye Droo

Wazazi wenzangu, najua wengine mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwanangu alipokuwa darasa la pili, shule ilinitumia fomu ya kuomba ruhusa ya kumpima. Juu kabisa niliona maneno ya elimu maalumu. Wiki ileile mwalimu alikuwa amepiga simu mara mbili: mtoto hatulii, anamaliza hesabu kabla ya wenzake kisha anawasumbua. Nikasema moyoni, hawa wanataka kuniambia mwanangu ana kasoro. Tulikotoka, kambini Nyarugusu, mzazi akiitwa shuleni hategemei habari njema. Fomu nikaificha kwenye droo, ikakaa humo mwaka mzima.

Kumbe katikati ya fomu ile palikuwa na neno "gifted", yaani mtoto mwenye kipawa. Jimbo kama Florida huweka watoto wenye vipawa katika kitengo kimoja na wenye ulemavu, kwa sababu wote wanahitaji mafundisho yaliyo tofauti na ya kawaida. Kila jimbo lina utaratibu wake. Basi ukipata fomu usiyoielewa, usiitie sahihi kwa haraka, wala usifanye kama mimi. Peleka kwa mtu akusomee.

Hukohuko Florida, katika wilaya ya Broward, zamani mtoto alipimwa pale tu mwalimu au mzazi alipomtaja. Wazazi waliojua mambo ya shule waliwataja wa kwao. Mwaka 2005 wilaya ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, na idadi ya watoto wa familia maskini, wakiwemo weusi, walioonekana kuwa na kipawa ikapanda sana. Watoto hao walikuwepo siku zote. Hawakuwa na wa kuwasemea. Baadaye fedha zilipopungua, upimaji ule ukasimamishwa, na idadi ikashuka tena. Wilaya nyingi bado zinasubiri mtu aulize. Kwa hiyo ulizeni.

Mtasema, "Mtoto wangu Kiingereza bado." Haidhuru. Ipo mitihani ya maumbo na michoro, kama ule uitwao Naglieri, ambayo haimtaki mtoto asome maneno mengi. Andikeni barua fupi kwa mwalimu: naomba mtoto wangu apimwe. Wekeni tarehe, mbaki na nakala. Mkiitwa, ombeni mkalimani wa shule, hamtalipa. Msimtume mtoto atafsiri habari zake mwenyewe. Atawatafsiria zile tamu tu.

Akichaguliwa, huenda atatolewa darasani saa kadhaa kwa wiki: kujenga daraja la vijiti na kupima uzito litakaoubeba, kucheza chesi, kuchunguza swali alilolichagua mwenyewe. Ulizeni anakosa somo gani wakati huo. Kama ni lile la Kiingereza, walimu wapange upya. Asinyang'anywe kimoja ili apate kingine. Na kama darasa hilo liko shule nyingine, ulizeni kuhusu basi kabla ya kukubali.

Asipochaguliwa, msimkatie tamaa. Anaweza kupimwa tena, na mengi hayasubiri fomu. Kadi ya maktaba ya mtaani ni bure, na wakati wa likizo ndefu maktaba nyingi zina michezo ya kusoma na hata ya kuunda mashine ndogo. Nyumbani mnao bao: kuhesabu kete na kuona hatua tatu mbele ni hesabu hiyohiyo. Tegeni vitendawili kwa Kiswahili. Akijibu, muulizeni "umejuaje?" halafu nyamazeni, mngoje aeleze. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa, kwa sababu mchuzi unaungua.

Msimwongezee kurasa za mazoezi kila jioni. Na tafadhali, asiitwe "mwenye akili" mbele ya ndugu zake. Binti yangu mdogo aliwahi kuniuliza, "Mama, na mimi ni nani?" Sikuwa na jibu la haraka.

Mwenye fomu mkononi aje nayo Jumamosi ijayo, hapahapa, saa nne asubuhi. Ni saa nne yetu. Simu zenu zitaandika 10.