Nani Anashika Simu? Mwanamke na Usafiri wa Kuitwa kwa Simu



Mama wa Mutomo amepewa barua ya rufaa ampeleke mtoto wake Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Matatu inafika Nairobi saa mbili usiku. Utingo anamwambia, "Mama, ita teksi kwa simu, usihangaike na hawa wa hapa." Ushauri ni mzuri, ila simu aliyo nayo ni kabambe. Ile ya kugusa imebaki nyumbani na baba watoto.

Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015. Mwaka uliofuata zikaja Taxify, ambayo sasa ni Bolt, na Little, kampuni ya Kikenya. Huduma hizi zinahitaji simu janja, bando na ramani inayoonyesha abiria alipo. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake wa Kenya wenye simu janja ni wachache kuliko wanaume. Kwa hivyo tofauti safarini inaanzia nyumbani: pesa za kununua simu ni za nani, na nani anatoka nayo asubuhi.

Tofauti ya pili ni safari yenyewe. Wanaume wengi huenda kazini na kurudi. Mama hupitia kliniki, sokoni, posho mill, kisha shuleni, akiwa na mzigo na mtoto mgongoni. Kila kituo kinaongeza nauli.

Tofauti ya tatu ni hofu. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha matatu. Machi 2022 waendeshaji boda walimshambulia mwanamke aliyekuwa akiendesha gari katika Barabara ya Profesa Wangari Maathai, na taifa zima likaona video. Ndiyo maana mwanamke akipanda chombo usiku huuliza kwanza, "Huyu ni nani?" kabla ya kuuliza bei.

Hapo programu ya simu ina faida. Inaonyesha jina, picha na namba ya gari, na jamaa anaweza kufuatilia safari akiwa mbali. Baadhi ya kampuni zimeweka pia chaguo la abiria wa kike kubebwa na dereva wa kike. Lakini faida hiyo hudumu iwapo safari itabaki ndani ya programu. Kanuni za 2022 zinaruhusu kampuni kumkata dereva hadi asilimia 18 ya nauli, na wapo madereva wanaotaka kukwepa makato hayo. Dereva akisema, "Futa safari tuelewane," programu haiifuatilii tena safari hiyo. Abiria akatae.

Katika miji ya Kitui, Mwingi, Wote na Makindu, mfalme wa barabara ni boda. Programu ya wanawake wengi ni namba ya mwendeshaji mmoja anayefahamika, aliyewabeba watoto wake kwenda shule bila tatizo. Huo ni mpango wa busara, na hata kabambe inautosha. Una gharama yake, hata hivyo: kumpigia mtu ni kumwachia namba yako. Wapo wanawake waliotumiwa jumbe za usiku wasizoziomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi zilizotolewa tu, na kumsumbua mtu kwa jumbe ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Jumbe hizo zisifutwe, ni ushahidi.

Kuna mambo machache ambayo kila mtu anaweza kuyafanya. Abiria alinganishe namba ya gari na sura ya dereva kabla ya kuingia. Amtumie jamaa namba hiyo. Vyama vya akina mama vitenge mkutano mmoja, anayejua programu awafundishe wenzake. Viongozi wa steji waweke daftari la wanachama, ili mwendeshaji mwema asichafuliwe jina na mwovu. Aliyedhulumiwa aripoti polisi, au apige simu 1195, namba ya bure ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Na baba, mama anaposafiri na mgonjwa, simu ya kugusa iende naye.

Na ikiwa haikuenda? Mtu mwingine anaweza kumwitia gari. Mpwa wake aliye Nairobi, au hata binti aliyebaki Mutomo, ataagiza teksi kwa simu yake, atamtumia mama namba ya gari kwa ujumbe mfupi, na ataifuatilia safari mpaka langoni mwa hospitali. Kabambe inapokea ujumbe huo vizuri kabisa. Jambo hilo lipangwe kabla ya kupanda matatu, mchana, nyumbani, si saa mbili usiku mtoto akilia.

Tahadhari kabla ya hatari.