Kampuni ya Taa Iliyogeuka Benki

General Electric ya Marekani ilizaliwa mwaka 1892, kampuni ya Thomas Edison ilipounganishwa na mshindani wake. Ilitengeneza taa, mitambo ya umeme, majokofu, injini za ndege. Vitu vya kushikika.

Mwaka 1981 akaingia Jack Welch. Watu zaidi ya 100,000 wakapoteza kazi katika miaka yake ya mwanzo, lakini wenye hisa hawakunung'unika: mwaka 2000 kampuni ilikaribia thamani ya dola bilioni 600.

Fedha hizo zilitoka wapi? Ilifika mahali karibu nusu ya faida ikaletwa na GE Capital, tawi la kukopesha, ambalo lenyewe liliishi kwa kukopa. Kila robo mwaka hesabu zilitimia kama zilivyoahidiwa. Mimi niliyezoea kuona biashara zikipanda na kushuka nauliza: biashara gani hiyo isiyo na msimu mbaya?

Mwaka 2008 masoko ya mikopo yakakauka. GE ikamwendea tajiri Warren Buffett, akatoa dola bilioni 3 kwa gawio la asilimia 10 kila mwaka. Wenye hisa wadogo, wakiwamo wastaafu, walikatiwa gawio lao mwaka 2009. Mwishoni mwa 2018 likashushwa hadi senti moja kwa hisa.

Aprili 2024 kampuni ilimaliza kugawanyika mara tatu: vifaa vya hospitali, umeme, na injini za ndege. Biashara ya balbu, aliyoiasisi Edison, ilikuwa imekwisha kuuzwa mwaka 2020.