Hesabu ya Zizi Kabla ya Kuchimba Shimo
(Mada kuhusu biogesi ya samadi)



Kaya nyingi za wafugaji hutafuta kuni mbali ilhali nishati imelala zizini. Samadi mbichi ikifungiwa mahali pasipo na hewa, vijidudu huimeng'enya na kutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni metheni, iwakayo kwa mwali wa buluu usioacha masizi sufuriani. Elimu hii si ngeni nchini. Kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimeieneza kwa miongo kadhaa, na mwaka 2009 ulianza mpango wa kitaifa wa biogesi ya kaya. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia nao unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

Hata hivyo, shauku pekee haiwashi jiko. Kilo 1 ya samadi mbichi hutoa takriban lita 40 za gesi. Kaya inayokusanya kilo 30 kwa siku hupata lita 1,200 hivi, zinazotosha kuwasha jiko moja kwa muda wa saa 3. Lakini kilo hizo 30 hudai lita 30 za maji, kila siku, masika na kiangazi.

Hapo ndipo mitambo mingi hukwama. Ng'ombe wanaoshinda machungani huiacha samadi huko huko. Maji yakiwa mbali, mzigo wa kuni ulioshushwa kichwani pa mama humrudia kwa sura ya ndoo. Na aghalabu anayepatana na fundi si yule atakayekoroga samadi kila alfajiri. Mtambo usiolishwa hubaki shimo la saruji, na fedha ya familia imezikwa humo.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, familia nzima iketi na kujibu maswali matatu: Ng'ombe wangapi hulala na kushinda zizini? Maji ya kiangazi yatatoka wapi? Nani atalisha mtambo, na nani atampokea akiugua?

Yakijibika, faida ni mbili. Tope litokalo mtamboni ni mbolea nzuri kwa migomba, mahindi na mboga. Lihifadhiwe shimoni chini ya kivuli ili jua lisilipunguzie nguvu.

Usalama nao usipuuzwe. Ikisikika harufu kama ya yai viza, vali ifungwe, madirisha yafunguliwe na kiberiti kisiwashwe. Uvujaji hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto. Wala mtu asiingie ndani ya mtambo kuusafisha bila fundi.

Kila mwenye nia amwone kwanza afisa mifugo wa kata yake, kisha ndipo amlipe fundi.