Sikio la Mtoto na Macho ya Watu



Sikio lililochomoza husikia sawasawa na lililolala. Nikimwambia mzazi hivyo kliniki, hunitazama kana kwamba nimelikwepa swali lake, na ana haki. Mwanawe anasikia vizuri mno: anasikia akiitwa popo darasani na ungo uwanjani. Shule zetu nyingi za msingi hunyoa wavulana na wasichana vilevile. Mtoto wa namna hii hana nywele za kujifichia, na siku ya kunyolewa humwia chungu kuliko siku ya mtihani.

Sikio la nje huanza kuumbika takriban wiki ya 6 ya mimba, vivimbe sita vidogo vinapokua na kuungana. Kwa kawaida gegedu hujikunja karibu na ukingo, na mkunjo huo ndio unaolaza sikio. Usipotokea, au bakuli la katikati likiwa na kina kirefu, sikio husimama. Madaktari hupima umbali kutoka fuvu hadi ukingoni. Ukipita milimita 20 hivi, tunasema limechomoza. Rula hiyo mimi huitumia mwisho. Nimeona watoto wa milimita 25 wanaocheka na kucheza bila wasiwasi wowote, na sioni sababu ya kuwagusa.

Mwaka 1881, huko New York, daktari Edward Talbot Ely alichapisha taarifa ya mvulana wa miaka 12 aliyechoshwa na dhihaka za wenzake, akamrekebisha masikio. Hata leo wanaoingia chumbani kwangu wanakuja kwa sababu ileile. Mwaka 1910 William Luckett aliona kwamba kinachokosekana ni ule mkunjo, hivyo kazi ya daktari ni kuurudisha. Kisha mwaka 1963 Jack Mustardé, Mskoti, akaeleza namna ya kuuunda kwa nyuzi: ngozi hupasuliwa nyuma ya sikio, nyuzi hupitishwa kwenye gegedu, zikikazwa linajikunja lenyewe. Uzeeni alisaidia kuanzisha huduma ya upasuaji wa kurekebisha maumbile katika Hospitali ya Korle Bu, Accra, na kwa hilo namheshimu zaidi kuliko kwa nyuzi zake.

Mtoto akifika miaka 5 au 6, sikio limekaribia ukubwa wa utu uzima, na hapo upasuaji unawezekana. Hupewa nusukaputi, hufungwa bendeji kwa siku kadhaa, kisha huvaa kitambaa cha kichwani usiku kwa wiki chache. Hayo ni mepesi kuyaeleza. Kinachoninyima usingizi ni kovu.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna keloidi, yaani kovu linaloota donge, zaidi ya watu weupe, na sikio ni moja ya mahali inapopenda kuota. Wengi hapa mnamjua dada au shangazi aliyetogwa ndewe ili avae vipuli, badala ya tundu likaota donge linalozidi kukua, likavuka mipaka ya jeraha lenyewe. Ukilikata tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko la kwanza. Basi kabla ya kushika kisu nauliza: nani katika ukoo ana donge la namna hiyo? Chanjo ya begani ilipona vipi? Nikipata jibu baya, nawaambia wazazi waziwazi kwamba naweza kumwondolea mtoto wao masikio ya popo nikamwachia uvimbe wa maisha. Wengine hukasirika. Naomba wanafunzi wangu wavumilie hasira hiyo.

Lakini ipo njia isiyohitaji kisu, na ndiyo iliyonileta jukwaani leo. Mtoto mchanga bado ana homoni za mama mwilini, na gegedu lake ni laini kama nta iliyopashwa moto. Katika miaka ya 1980 Kiyoshi Matsuo na wenzake huko Japani walionyesha kwamba sikio la siku za mwanzo linaweza kuelekezwa kwa kijiti laini kilichopindwa kufuata umbo na kushikiliwa kwa plasta. Mengine hujinyoosha yenyewe wiki ya kwanza. Yasiyojinyoosha husaidiwa kwa wiki chache, ngozi ikikaguliwa mara kwa mara isichubuke. Baada ya wiki 6 hivi gegedu hukakamaa, na nafasi hiyo hupotea.

Mimi ninayejua haya humwona mtoto akiwa na miaka 7. Mkunga humwona dakika ile anapozaliwa. Bibi anayemkanda kwa mafuta humshika masikio kila asubuhi kwa siku 40. Kwa hiyo muhula ujao nimeomba saa mbili kila wiki katika wodi ya wazazi, pamoja na wanafunzi wa ukunga, tuyatazame masikio ya watoto waliozaliwa wiki hiyo. Bibi atakayekuwepo naye atakaribishwa.