Kahawa Kikombeni: Faida Zake kwa Afya na Namna ya Kuinywa



Katika Kilema, Machame na Marangu, mkoani Kilimanjaro, mibuni imekuwa ikistawi kati ya migomba kwa zaidi ya karne moja. Hata hivyo, ukibisha hodi asubuhi kwa wakulima wengi, utakaribishwa chai ya maziwa yenye sukari. Kahawa inakwenda kwenye chama cha ushirika, inanadiwa Moshi, kisha inasafirishwa ng'ambo. Ninasema leo kwamba mkulima huyu anastahili kuinywa pia kwa ajili ya afya yake, na sisi wahudumu wa afya ya jamii tunaofika nyumbani kwake ndio wa kumweleza ainyweje.

Nianze na ini, maana hapo ndipo ushahidi ulipo mzito. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila nyongeza ya vikombe viwili vya kahawa kwa siku iliendana na upungufu wa asilimia 44 wa hatari ya kupata sirosisi, yaani makovu yanayoharibu ini. Si ruhusa ya kuzidisha pombe, wala haichukui nafasi ya chanjo ya homa ya ini B. Lakini hapa kwetu, ambako wengi hufika hospitali ini likiwa limekwisha kuharibika, uhusiano wa aina hii haufai kupuuzwa.

Kwa kisukari cha aina ya pili, uchambuzi wa mwaka 2009 uliounganisha tafiti 18 na watu zaidi ya 450,000 uliona hatari ikipungua kwa takribani asilimia 7 kwa kila kikombe cha ziada kwa siku. Waliokunywa kahawa iliyoondolewa kafeini nao walionekana kuwa na nafuu, kwa hiyo wataalamu wanaitazama zaidi asidi ya klorojeniki na viambata vingine vya buni. Tafiti hizi ziliwafuatilia watu na mazoea yao ya kawaida. Hazithibitishi kwamba kahawa peke yake ndiyo iliyowakinga. Mgonjwa asiache dawa yake ya metformini kwa sababu ameanza kunywa kahawa.

Na hapa lazima tuseme habari ya sukari bila kuficha. Vijiko vitatu vya chai ni kama gramu 12. Anayekunywa vikombe vitatu namna hiyo amefika gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba ni bora zaidi sukari ya kuongeza isizidi takribani gramu 25 kwa siku nzima. Wenzetu wa pwani wana desturi nzuri: kahawa chungu katika kikombe kidogo, na kashata au tende pembeni. Ladha ya buni inabaki, na kila mtu anaona kwa macho utamu anaokula.

Jambo linalonigusa zaidi ni joto. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiondoa kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani. Wakati huohuo lilisema kwamba vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi, yaelekea vinachangia saratani ya umio. Ugonjwa huo unawaua watu wengi katika ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, nasi tumo ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima joto la chai watu walipoanza kuinywa hapahapa Kilimanjaro, na wastani ulipita nyuzi 70. Mtu akibadili chai kwa kahawa na kuendelea kuinywa ikitoka jikoni, kwa umio hajabadili kitu. Kama bado anaipuliza, asubiri.

Namna ya kuiandaa nayo ina uzito wake. Mwenye lehemu nyingi kwenye damu atumie karatasi ya kuchujia au kahawa ya unga inayoyeyuka, kwani kahawa inayochemshwa bila kuchujwa hubaki na mafuta yanayopandisha lehemu.

Kwa mjamzito tuwe waangalifu zaidi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani takribani vikombe viwili vya wastani. Vidonge vya madini ya chuma asivinywe kwa kahawa wala chai. Jaribio la mwaka 1983 lilionyesha kahawa ikipunguza ufyonzwaji wa chuma cha mlo wa nyama kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliponywewa saa moja baada ya kula, madhara yalikuwa yaleyale. Saa moja kabla, hayakuonekana. Basi kahawa ya mama huyu itangulie mlo.

Mwisho, tunapopima shinikizo la damu, tuulize kwanza kama mtu amekunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, maana kafeini hulipandisha kwa muda. Akisema ndiyo, apumzike, tuwapime wengine, kisha tumrudie.